Hewa Ndani ya Mafuta

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, mwaka 1967, lori la chama kimoja cha ushirika cha wafuga ng'ombe lilikuwa likiteremka kutoka Kinangop kwenda Naivasha, limebeba mikebe 48 ya maziwa. Julai ni mwezi wa baridi kali huko juu. Ukungu ulikuwa umetanda hata dereva akalazimika kuwasha taa, na umande ulichuruzika juu ya kioo kana kwamba mvua imenyesha. Katika chumba cha mbele walikuwamo watu watatu: dereva mwenyewe, mtu wa miaka kama thelathini na mitano, taniboi wake, kijana aliyeacha shule kwa kukosa karo, na katikati yao mama mmoja mjane, mwanachama wa ushirika huo, aliyekuwa akienda kiwandani kuuliza kwa nini mkebe wake mmoja ulikataliwa juma lililopita. Mama huyo alikuwa amekalia debe lililogeuzwa juu chini, maana kiti cha katikati kilikuwa kimevunjika siku nyingi.

Walipofika mahali ambapo njia huanza kuinama sana, injini ilikohoa mara mbili, ikapata nguvu tena kidogo, ikakohoa mara ya tatu, kisha ikanyamaza. Lori liliendelea kuteremka kwa uzito wake. Dereva alikanyaga breki, akaiona ngumu kuliko desturi, akaikanyaga kwa miguu yote miwili huku akivuta breki ya mkono, na lori likasimama, gurudumu moja likiwa juu ya majani ya kando ya njia. Taniboi aliruka chini akatia mawe mbele ya magurudumu. Ilikuwa saa mbili kasorobo. Kiwandani hawakupokea maziwa baada ya saa nne, na safari iliyosalia ilikuwa ya maili 12.

Dereva alijua mara moja lililotukia, kwa kuwa injini ya dizeli ina namna yake ya kufa. Injini ya petroli iliyokatikiwa na umeme huzimika ghafula kama taa. Lakini injini ya dizeli iliyokosa mafuta hupungukiwa, hujikakamua, hupungukiwa tena, ndipo inyamaze. "Limeshika hewa," alisema. Hata hivyo alishika ufunguo akapiga stata, akaendelea kuipiga kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu hata hamsini bila haraka. Akapumzika kidogo, akapiga tena. Kila mara sauti ya stata ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Ni desturi ya madereva wengi, nayo ni desturi mbaya, kujaribu kwa nguvu kwanza na kufikiri baadaye. Stata ya lori haifai kupigwa zaidi ya sekunde kumi na tano kwa mara moja, kisha iachwe ipoe. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu hahesabu sekunde.

Msomaji ambaye hajapata kushika spana huenda akauliza, Hewa yawezaje kuzuia kitu kikubwa kama lori, na hali injini yenyewe haiwezi kufanya kazi bila hewa? Ni swali la haki. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, na ambaye injini yake ilipimwa ikafaulu mjini Augsburg mwaka 1897, alitaka injini isiyohitaji cheche ya plagi. Ndani ya silinda pistoni huigandamiza hewa mpaka ibaki katika sehemu moja tu ya kumi na sita ya nafasi yake ya kwanza, au ndogo kuliko hiyo, na hewa iliyobanwa hivyo hupata joto kali lipitalo digrii 500 za sentigredi. Hapo ndipo mafuta hurushwa ndani kwa kupitia matundu membamba ya nozeli, yakiwa kama ukungu, nayo hushika moto yenyewe. Basi hewa ya silinda ina mlango wake na kazi yake. Iletayo taabu ni ile iliyopotea njia ikaingia katika mabomba ya mafuta.

Mafuta hayakubali kubanwa. Pampu ikiyasukuma upande huu wa bomba, nozeli iliyo upande wa pili hufunguka papo hapo, kama vile mtu anayesukuma mti mrefu: akiusukuma huku, na kule ncha husogea. Lakini hewa hubanwa, kama ajuavyo kila mtoto aliyeziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole kisha akasukuma. Ikiwa ndani ya bomba mna povu moja la hewa, pampu husukuma na hewa hujikunja. Pampu huachilia na hewa hujikunjua. Na nozeli, ambayo katika injini za namna ile haifunguki mpaka isukumwe kwa nguvu zaidi ya mara 150 ya nguvu ya hewa ya kawaida, haipati hata habari kwamba kuna kazi. Mtu aweza kupiga stata mpaka betri ife, na povu lile likabaki mahali pake likicheza kama mpira.

Dereva alipoona kwamba betri inakwisha, alipata shauri jingine. "Mama," alisema, "tafadhali shuka kidogo. Kijana, ondoa mawe. Nitaliachilia literemke, nitie gia ya pili, litawaka lenyewe."

Mama mjane alishuka, akasimama kando ya njia akijifunga shuka. Taniboi aliinama, mkono juu ya jiwe la kwanza. Ndipo iliposikika sauti kutoka majanini: "Acha jiwe hilo hapo lilipo, kijana!"

Alikuwa mzee mmoja aliyevaa koti kuukuu la kijeshi, mwendesha trekta katika shamba la jirani, ambaye alikuwa akivuta magogo aliposikia stata ikilia na kulia. Mzee huyo alikuwa amefanya kazi ya matrekta ya Fordson ya dizeli kwa miaka mingi katika mashamba ya walowezi, na hata walowezi walipouza mashamba yao, yeye na trekta walibaki. Alivua kofia akamsalimu mama, kisha akamgeukia dereva.

"Unataka kulifanya nini?"

"Kuliwasha kwa mteremko, mzee. Limeshika hewa."

"Litateremka, hilo nakubali," alisema mzee. "Kuwaka, sijui."

Dereva alikasirika. "Mbona wewe huliwasha trekta lako kwa mteremko kila asubuhi? Nimekuona kwa macho yangu."

"Ni kweli. Betri yake ilikufa tangu Pasaka. Lakini trekta langu halina hewa tumboni, na mbele yake kuna shamba la viazi. Mbele yako wewe kuna nini? Hebu tazama."

Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na katika mpasuko ule waliona njia ikipinda kushoto, na baada ya kona hiyo hapakuonekana njia tena ila vilele vya miti na, mbali sana chini, weupe wa ziwa. Mzee alieleza jambo ambalo dereva alilijua lakini alilisahau kwa sababu ya haraka: kwamba breki za lori lile zilisaidiwa na nguvu itokanayo na injini, na injini ikizimika nguvu hiyo husalia ya kukanyagia mara moja au mbili tu. Aliyekwisha kuikanyaga mara moja kwa miguu miwili asingoje muujiza kwenye kona. Na kwa kuwa hewa ilikuwa bado mabombani, magurudumu yangeizungusha injini bure kama stata ilivyoizungusha bure.

Mama mjane hakusema neno, lakini alikwenda akalisukuma lile jiwe la kwanza kwa kisigino, lishike vizuri zaidi.

"Haya," alisema mzee, "tuanze mwanzo. Mafuta yamo?"

"Yamo."

"Kiasi gani?"

Dereva hakujibu. Mshale wa kuonyesha mafuta ulikuwa umekufa zamani, jambo la kawaida katika malori ya chama. Mzee alikata ufito, akaupangusa, akautia ndani ya tangi mpaka ukagusa chini, akautoa. Ulikuwa umelowa vidole vitatu tu. "Yamo," alisema, "lakini hayakufika mdomoni." Akaonyesha kwamba bomba la kuvutia mafuta lilikuwa upande wa nyuma wa tangi, na lori lilikuwa limeinamisha uso, kwa hiyo mafuta machache yaliyobaki yalikimbilia mbele, na bomba likanywa hewa.

"Kama mkebe," alisema mama mjane. "Ukiuinamisha, maziwa yaliyobaki hukaa pembeni."

"Ndivyo, mama. Kama mkebe hasa. Sasa nani alijaza tangi hili jana?"

"Mimi," alijibu dereva.

"Ulilijaza?"

"Nilitia galani 10."

Taniboi alitazama upande wa miti. Mama mjane alirudi kwenye mlango wa lori, akalitoa debe alilokuwa amelikalia tangu kwake, akaligeuza. Tangu walipoondoka alikuwa akinung'unika kwamba linamchafulia shuka. Ndani yake mlikuwa na unyevu wa dizeli, bado mbichi. Alilinusa, akampa mzee, akasema kwa sauti ya kawaida, "Debe hili limelowa, na tangi limekauka." Hakuna aliyemjibu. Mzee alilipokea, akampa taniboi, akamtuma mbio penye pipa la mafuta kando ya trekta.

Ukweli ulikuwa huu. Jioni ya siku iliyotangulia dereva alitia galani 10 kama alivyosema na kama ilivyoandikwa kitabuni; lakini saa mbili za usiku alimfungulia tangi shemeji yake, mwenye mashine ya kusaga posho, akamtolea debe moja, yaani galani 4, kwa shilingi chache na ahadi ya unga. Hakuwa mwizi wa kila siku. Alijipigia hesabu kwamba galani zilizosalia zingefika Naivasha, na kweli zingefika kama nchi yote ingekuwa tambarare.

Taniboi aliporudi anahema, mafuta yalimiminwa tangini kwa kupitia kitambaa safi. Dereva alitaka kupiga stata papo hapo. Watu wengi hukosea hapa: hudhani kwamba tangi likiisha kujazwa mambo yamekwisha. Lakini hewa iliyokwisha kuingia haitoki kwa sababu mafuta yameongezwa nyuma yake. Yabidi ifuatwe hatua kwa hatua, kuanzia tangini kuelekea kwenye injini, na ifunguliwe mlango katika kila kituo. Anayeanzia mbele hufanya kazi mara mbili.

Kwanza mzee alipitisha kidole gumba juu ya kila kiungo cha bomba kati ya tangi na pampu ndogo ya kuvutia mafuta. Alieleza kwamba katika sehemu hiyo mafuta huvutwa, hayasukumwi. Kwa hiyo kiungo kilicholegea chaweza kunyonya hewa kutwa nzima pasipo kudondosha hata tone moja la mafuta, na mtu akitafuta mahali palipolowa hataona kitu. Alikuta nati moja imelegea kidogo, akaikaza robo ya mzunguko. Huenda haikuwa na hatia, lakini aliikaza.

Kisha alimwamuru taniboi apanguse chujio la mafuta, lile ambalo mafundi huliita filta, pamoja na pampu kubwa na ncha zote za mabomba, kabla ya spana yoyote kugusa kitu. Dereva alitazama saa yake, akalalamika. "Chembe moja ya vumbi," alisema mzee, "ikiingia ndani ya pampu hii, hutalalamika juu ya saa tena, utalalamika juu ya mwezi." Sehemu za ndani za pampu ile kubwa zimesuguliwa zikalingana kwa udogo usioonekana kwa jicho, na mafuta yenyewe ndiyo mafuta yake ya kulainishia, ndiyo sababu uchafu na maji huiua upesi.

Alilegeza skurubu ya kutolea hewa iliyo juu ya chujio, mizunguko miwili, akamwambia dereva apige kipini cha pampu ndogo kwa mkono. Dereva alikipiga mara kumi, mara ishirini. Kipini kilikuwa kikichezacheza tu, hakina uzito, na penye skurubu hapakutoka kitu. "Pampu imekufa," alisema, na uso wake ulibadilika, maana bei ya pampu ingekuwa kubwa kuliko bei ya debe.

Mzee alitia kidole, akakipiga mwenyewe, akacheka. Ndani ya injini mna mhimili wenye nundu ya chuma, na nundu hiyo ndiyo inayosukuma mkono wa pampu ndogo lori likitembea. Injini ikizimika nundu ikiwa imesimama juu, pampu hubaki imekwisha kuvutwa, na kipini cha nje hakina kitu cha kushika. Madereva wangapi wamenunua pampu mpya kwa sababu hii, hakuna ajuaye. Mzee alitwaa spana kubwa pamoja na kipande cha bomba cha kurefushia mkono wake, akaitia kwenye nati ya mbele ya injini. Gia ikatolewa, mawe yakatazamwa tena, na wanaume watatu wakaizungusha injini polepole mara moja, wakitweta kwa sababu ya ugumu wa hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Betri haikuguswa. Dereva alipokipiga kipini tena, kilikuwa na uzito kama kiwele kilichojaa. Hayo yalikuwa maneno ya mama, aliyeomba akijaribu, akakipiga vizuri kuliko wote, kwa mapigo marefu yasiyo na papara.

Penye skurubu palitoka kwanza sauti kama ya mtu anayevuta pumzi, kisha mapovu kama ya sabuni, kisha mapovu na mafuta pamoja, na mwishowe mafuta safi yasiyo na povu lolote. Skurubu ikakazwa huku mafuta yakiwa bado yanatoka, kwa maana ukingoja yakome hewa hurudi. Wakahamia kwenye pampu kubwa. Hiyo ilikuwa na skurubu mbili, moja ya chini na moja ya juu. Wakaanza na ya chini, wakamaliza na ya juu, kwa utaratibu uleule. Ilikwisha kuwa saa tatu na dakika kumi, na jua lilikuwa limeshika migongo ya mikebe. Mama mjane alivua shuka yake ya pili akaifunika mikebe iliyokuwa nyuma kabisa. Wala haikuwa yake. Yake ilikuwa mbele, iliyopakiwa kwanza.

Ilibaki hatua ya mwisho, nayo ilihitaji betri. Mabomba membamba yatokayo katika pampu kubwa kwenda kwenye nozeli hayafikiwi na pampu ya mkono. Lazima injini izungushwe. Mzee alilegeza nati za nozeli mbili tu, akahakikisha kwamba kifundo cha kuzimia injini kimerudishwa ndani (wako waliohangaika kutwa nzima na kifundo hicho kimevutwa), akamwambia dereva akanyage mafuta mpaka chini na apige stata kwa kuhesabu mpaka kumi. Betri iliyokuwa imepumzika zaidi ya saa nzima ilikuwa imepata nguvu kidogo. Injini ilizunguka kwa uzito. Penye nati palitokeza povu. Wakangoja. Dereva alitaka kurudia upesi, mzee akainua mkono, wakangoja tena. Mara ya pili mafuta yalitoka kwa kuruka, tone kwa tone, bila povu. Mzee alimwonya taniboi aondoe uso na vidole, akakaza nati zote mbili.

Hapa pafaa kusemwa neno kwa wanaoendesha malori ya siku hizi. Kazi hii ya kulegeza nati za nozeli ni ya injini za namna ya zamani. Tangu miaka ya 1990 yametengenezwa magari ya dizeli ambayo nozeli zake zote hulishwa na bomba moja nene lililojaa mafuta yenye msukumo unaopita mara 1,000 ya hewa ya kawaida, na katika nyingine hufika mara 2,000. Katika magari hayo asijaribu mtu kulegeza mabomba hayo injini inapozunguka. Mafuta yanayoruka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi kama sindano, na jeraha lake, ingawa huonekana kama tundu dogo tu, ni la kwenda hospitali siku ileile. Hata nozeli ya lori la mwaka 1967 iliweza kutoboa kidole. Magari ya sasa hutolewa hewa kwenye chujio tu, kwa pampu ya mkono iliyo hapo au kwa pampu ya umeme ya tangini, na mwenye gari afuate kitabu chake.

"Sasa," alisema mzee, "mara hii ndiyo yenyewe. Ikikataa, tutangoja lori jingine."

Dereva alipiga stata. Injini ilizunguka mara moja, mara mbili, polepole kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Silinda moja ikapiga, moshi mweupe ukatoka. Ikapiga ya pili. Kisha zote zikaingia kwa kutetemeka, lori likatikisika, na mikebe ikalia kama kengele. Mzee alimwambia aishike kwa mafuta kidogo dakika mbili, mpaka mapovu madogo yaliyosalia yamalizike na breki zipate nguvu yake. Hakukubali kupokea kitu. Alisema tu kwamba galani 2 alizotoa zilikuwa mali ya shamba, na zirudishwe kabla ya Jumamosi, kwa kuwa naye ana kitabu cha kuandikia.

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na tano. Walifika kiwandani zikiwa zimesalia dakika tano tu kabla ya saa nne.

Mpimaji alifungua mkebe mmoja baada ya mwingine, akanusa, na kila alipotia shaka alichanganya maziwa kidogo na spiriti katika kijibomba cha kioo, akakitikisa akitazama kama yataganda. Mikebe 43 ilipokelewa. Mitano ikakataliwa, na katika hiyo miwili ilikuwa ya mama mjane, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya kwanza katika njia na maziwa yake ya jioni yalikuwa yamekaa muda mrefu kuliko ya wengine. Aliyekwenda kuuliza habari za mkebe mmoja alirudi na habari za mitatu. Njiani hakuna aliyezungumza sana.

Jioni, katika ofisi ya chama, karani alimpa dereva kitabu cha safari. Penye nafasi ya sababu ya kuchelewa dereva aliandika: "Hewa iliingia katika mafuta." Maneno hayo yalikuwa kweli. Karani aliyasoma, akatikisa kichwa, maana jambo hilo hutokea kwa malori yote, akanyosha mkono achukue kitabu. Mama mjane alikuwa amesimama mlangoni akingoja kusainiwa hati ya mikebe yake miwili iliyorudishwa. Hakuwa akimtazama dereva. Alikuwa akitazama mikebe.

Dereva alikizuia kitabu. Alikaa nacho kwa muda, kisha akaandika chini ya maneno yale: "Tangi lilipungukiwa galani 4 nilizotoa mimi mwenyewe jana usiku bila ruhusa. Tena galani 2 zadaiwa na shamba la jirani." Akatia jina lake. Karani alisoma mara mbili, akauliza kama ana hakika anataka hayo yakae kitabuni. Dereva alisema yakae.

Kamati ilikutana Jumamosi. Mwanakamati mmoja alitaka dereva afukuzwe siku ileile, na huenda angefukuzwa, kwa kuwa kesi ilikuwa imejisema yenyewe. Mama mjane, aliyeitwa kama shahidi, aliulizwa ana neno gani. Alisema, "Mkimfukuza leo, mikebe yangu atalipa nani?" Wakacheka, lakini hawakuwa na jibu, na baada ya maneno mengi ilikatwa shauri kwamba bei ya mikebe mitano na ya mafuta itolewe katika mshahara wake kwa miezi mitatu, na kwamba mshale wa mafuta utengenezwe.

Mshale haukutengenezwa mwaka ule. Lakini taniboi aliandika kwa penseli, ndani ya jalada la kitabu cha safari, mpango wote wa kutoa hewa, kuanzia tangini mpaka kwenye nozeli, na ufito wa yule mzee ulichongwa vizuri ukawekwa chini ya kiti. Kila alfajiri lori liliposimama penye lango la mama mjane, yeye hakuinua mkebe wake hata mmoja kabla ya kuuliza, "Leo ni vidole vingapi?"

Na dereva alishuka, hata kama mvua ilikuwa inanyesha, akatia ufito ndani ya tangi, akautoa, akamwonyesha mkononi. "Kumi na viwili, mama."

"Haya, pakieni."